Mhadhiri Naye Afundishwe Kufundisha

Mwalimu wa darasa la kwanza katika kata ya Kifanya, Mkoa wa Njombe, hakabidhiwi chaki kabla hajafunzwa namna ya kuitumia. Husoma chuo cha ualimu, hujifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, hupelekwa mazoezi, hukaguliwa na kusahihishwa mbele ya watoto, na baada ya hayo yote ndipo huitwa mwalimu. Lakini mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye kesho atamfundisha mwalimu huyo huyo akienda kutafuta shahada, aghalabu hupanda jukwaani kwa sifa moja tu, nayo ni kwamba alifaulu vizuri mitihani yake mwenyewe. Wachache ndio waliopata kuonyeshwa namna somo linavyopangwa, swali linavyotungwa, au mwanafunzi mzito anavyovutwa polepole mpaka aelewe.

Hali hii si ngeni. Vyuo vikuu vya dunia nzima vimeishi nayo muda mrefu, na wahadhiri hodari tulio nao wamejifunza kazi kwa kuifanya. Mhadhiri akiwa mbele ya wanafunzi wake, macho yao humfundisha: akiona yamezubaa, hurudia, akiona kalamu zimesimama, hutoa mfano mwingine. Ndiyo maana upungufu huo ulivumilika. Leo hauvumiliki tena, kwa sababu sehemu kubwa ya mafundisho imeanza kuhamia katika mitambo, na mtambo hauna macho ya wanafunzi ndani yake. Somo lililopangwa vibaya likiwekwa kwenye mtandao hubaki vibaya vile vile, usiku na mchana, kwa kila atakayelifungua.

Tumfikirie mwalimu wa Kifanya aliyejiandikisha kusoma shahada bila kuacha kazi. Utaratibu huo uliwezekana hasa baada ya Bunge kupitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994, chini ya Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo hicho, Profesa Geoffrey Mmari. Tangu hapo watumishi wa Serikali na waalimu wengi wamepata elimu ya juu wakiwa katika vituo vyao vya kazi. Zamani walitegemea vitabu na mabunda ya karatasi. Siku hizi vyuo vingi, vya masafa na vya bweni, vimeweka mitambo ya kuendeshea masomo kwa njia ya mtandao, na mtambo unaotumika sana ni ule uitwao Moodle, ambao haulipiwi leseni na ambao chuo chochote kinaweza kuurekebisha kikitaka.

Basi mwalimu wetu amemaliza kusahihisha madaftari. Ni mwezi wa Julai, na wenye kuijua Njombe wanajua baridi ya Julai. Anajifunika blanketi, anashika simu, anaingia katika ukurasa wa somo lake. Anakuta nini? Mara nyingi mno anakuta karatasi za mhadhara wa miaka mingi iliyopita, zilizopigwa picha moja moja, nyingine zimelala ubavu, nyingine zina kivuli cha mkono wa mpiga picha. Hakuna maelezo ya nini asome kwanza na nini baadaye. Hakuna swali la kujipima. Mahali palipotengwa kwa majadiliano kuna salamu moja ya mwanafunzi, nayo haikujibiwa. Hatutaji chuo, kwa kuwa ugonjwa huu si wa chuo kimoja. Kila mtumishi aliyewahi kusoma kwa njia hii anaujua, na baadhi yao walitoka na shahada zao kwa ukaidi wao wenyewe zaidi kuliko kwa msaada wa ukurasa ule.

Wapo watakaosema kwamba wahadhiri wetu ni wavivu, au wanaogopa vitu vipya, au hawaamini kazi za wenzao. Shutuma hizi ni rahisi kutoa, na sisi tunaona kuwa si za haki. Mwaka 2014 watafiti wawili, Joel Mtebe na Roope Raisamo, walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wahadhiri 92 wa vyuo vya elimu ya juu vya Tanzania juu ya mambo yanayowazuia kutumia nyenzo huria za kufundishia, yaani zile ambazo mwenyewe ameruhusu zitumike na kurekebishwa bila malipo. Vizuizi vikubwa vilivyotajwa vilikuwa uhaba wa kompyuta na intaneti, wembamba wa njia ya mtandao, kukosekana kwa sera, na upungufu wa ujuzi wa kutengeneza au kutumia nyenzo hizo. Kukosa hamu hakukuonekana kuwa kizuizi. Kutoziamini kazi za wengine hakukuonekana. Hata kukosa muda wa kuzitafuta, sababu ambayo kila mtu angeitegemea, hakukuwamo.

Majibu hayo ni muhimu kwa kila mwenye dhamana ya elimu ya juu. Mtu anayetaka lakini hajui, dawa yake si karipio wala waraka. Dawa yake ni kufundishwa, na kupewa vifaa.

Taifa letu lina kumbukumbu mbili juu ya jambo hili, moja ya kujivunia na moja ya kujutia, na zote mbili ni za miaka ile ile.

Ya kujivunia ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wengi wakiikumbuka huitaja redio, kana kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi. Redio ilikuwa sehemu tu. Kabla kipindi cha kwanza hakijasikika, kitabu cha kampeni kilikuwa kimepigwa chapa nakala milioni 1, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa, kwa utaratibu wa waliofunzwa kuwafunza wenzao mpaka vijijini. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vyao, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa redio ya mkulima, lakini kwa kila redio palikuwa na mtu aliyeandaliwa kukaa kando yake na kuuliza: Je, sisi hapa tufanye nini?

Ya kujutia ni ya kompyuta. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye Serikali ilijaribu kuweka hesabu zake katika mitambo hiyo. Wataalamu wa kwetu walikuwa wachache mno, hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ikachukua miaka mingi mlango huo kufunguliwa tena. Hatusemi kwamba amri ile ilitolewa bila sababu. Waliotoa walikuwa wameumwa na nyoka. Lakini nyoka hakuwa kompyuta. Mashine ilinunuliwa mbele, na watu wa kuijua wakatarajiwa kuja nyuma yake.

Tuna wasiwasi kwamba kosa hilo laweza kurudiwa, safari hii vyuoni. Serikali imechukua mkopo wa dola za Kimarekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, uliokubaliwa mwaka 2021. Mradi huo unajenga majengo, unasomesha wahadhiri na kuongeza vifaa vya kisasa. Majengo yanaonekana, yanazinduliwa, yanapigwa picha. Kompyuta nazo huhesabiwa, na kila moja ina namba ya mali ya Serikali ubavuni. Lakini uwezo wa mhadhiri kupanga somo la wiki 15 ambalo mwanafunzi aliye mbali ataweza kulifuata peke yake hauna namba ubavuni, na kitu kisicho na namba ni rahisi kusahauliwa katika taarifa.

Mwaka 2020 tulipata kipimo. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona na vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Katika majuma hayo kumi hivi, mitambo ilikuwapo katika vyuo vingi, lakini masomo yaliyoendelea kwa njia hiyo yalikuwa machache. Wengi walisubiri milango ifunguliwe. Baadaye, mwaka 2022, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilitoa mwongozo wa ufundishaji kwa njia ya mtandao na kwa njia mseto. Hiyo ni hatua njema, na pengo la sera lililolalamikiwa na wahadhiri wale 92 limeanza kuzibwa. Hata hivyo mwongozo humwambia mtu afike wapi. Namna ya kutembea ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halitangazwi vya kutosha. Msaada wa kumfundisha mhadhiri namna ya kutembea upo tayari, upo kwenye mtandao, na sehemu kubwa ni wa bure. Chuo cha ufundi cha Massachusetts, Marekani, kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka hadharani maandalio ya masomo yake, na mhadhiri wa popote anaweza kuona mwenzake wa huko alivyopanga mada, mazoezi na mitihani. Jumuiya ya Madola ina shirika lake la elimu ya masafa, lenye makao Kanada, linalotoa miongozo ya kuandika masomo ya aina hii. Huko Nairobi, shirika la OER Africa limeandaa masomo mafupi ya kumwelekeza mhadhiri wa Afrika namna ya kutafuta nyenzo huria, kuzipima, kuzirekebisha na kuheshimu leseni zake.

Ulio karibu nasi zaidi ni mpango unaoitwa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo kadha vya Afrika, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa mmoja wa washirika. Uliandaliwa kwa ajili ya wanaofundisha waalimu. Ndani yake hamna mihadhara mirefu. Kila sehemu ina shughuli ambazo mwalimu atazifanya na darasa lake, na visa vifupi vya mwalimu aliyekutana na shida kama yake: darasa la watoto 80, vitabu vitatu, hakuna umeme. Na kubwa kuliko yote, zimo nyenzo zilizotolewa kwa Kiswahili. Mhadhiri wa elimu anaruhusiwa kuzichukua, kuondoa mfano wa muhogo na kuweka wa viazi vya Njombe, kisha kuzigawa kwa wanafunzi wake bila kuomba kibali cha mtu.

Tunalitaja hilo la Kiswahili kwa makusudi. Miongozo mingi ya kumsaidia mhadhiri imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha watu wa mitambo, ambacho hata mwenye shahada tatu hukisoma mara mbili. Wapo wanaodhani kwamba mambo haya hayawezi kusemwa kwa lugha yetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu nzima ya kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi ilifanyika, maneno yalipatikana. Tungependa kujua ni ofisi ngapi za umma zilizowahi kuifungua, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Hata hivyo inafaa ieleweke kwamba kuwapo kwa kisima si kunywa. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia mwaka 1997, kilianza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, na Dar es Salaam ilikuwa moja ya mahali palipokuwa na kituo chake. Mwanafunzi alikaa hapa, mwalimu alikuwa kule, na mhadhiri wa Kitanzania alibaki mlinda mlango wa chumba chenye televisheni. Hatutaki nyenzo huria zigeuke kuwa hivyo. Mhadhiri wetu asichukue somo la Massachusetts akalibandika zima kama lilivyo. Kazi yake ni kulifungua, kuona lilivyoshonwa, halafu kushona la kwake kwa kitambaa cha hapa.

Na kitambaa cha hapa kina masharti yake, ambayo miongozo ya ng'ambo haiyataji kwa sababu waandishi wake hawajapata kuyaona. Sharti la kwanza ni uzito. Mwanafunzi wa Kifanya hununua mtandao kwa vifurushi, na kila megabaiti ni fedha iliyotoka mfukoni. Saa moja ya sauti ya mhadhiri, ikibanwa vizuri, haifiki megabaiti 20. Saa hiyo hiyo ikiwa ni picha za video hupita 300 bila shida. Kurasa 30 zilizopigwa picha zaweza kuwa nzito kuliko kitabu kizima kilichopigwa chapa kwa herufi. Kwa hiyo mhadhiri anayejua kazi yake ataandika kurasa nne safi, ataweka sauti ya dakika 15 juu yake, ataongeza maswali matano ya kujipima pamoja na majibu, na vyote vitapakuliwa mara moja mjini Njombe siku ya soko na kusomwa Kifanya juma zima bila mtandao. Maarifa haya si makubwa, lakini mtu hayazui mwenyewe. Lazima aonyeshwe na mwenzake aliyekwisha kuyajaribu.

Twaona basi kwamba kila chuo hakina budi kuwa na mahali pamoja, penye kurasa za Kiswahili na za Kiingereza, ambapo mhadhiri atakuta mambo haya yamekusanywa kwa hali ya kwetu, pamoja na mifano ya masomo ya wahadhiri wa hapa hapa yaliyofanikiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo chake cha mafunzo kwa njia ya mtandao. Chuo Kikuu Huria kina uzoefu wa miaka zaidi ya 30 wa kufundisha watu wasioonekana. Ni ajabu kwamba chuo kidogo cha mkoani kinapotaka kuanza, huanza kwa kumlipa mshauri, badala ya kugonga mlango wa jirani. Serikali ilikwisha kutandika mkongo wa taifa, na vyuo vina mtandao wao wa pamoja wa elimu na utafiti, TERNET. Njia za kupitishia zipo. Tunataka kuona zinapitisha ujuzi wa mhadhiri kwenda kwa mhadhiri, maana nyaya hazikutandikwa kwa ajili ya barua za utawala peke yake.

Liko jambo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu halihitaji fedha. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha katika majarida ya kitaaluma. Makala moja, pointi zake zinajulikana. Lakini mhadhiri aliyekesha miezi sita akipanga somo moja la mtandao ambalo waalimu 400 wa mikoani watalisoma, kazi yake haipati uzito kama huo, na wakati mwingine haipati hata mstari katika fomu. Tukiwa wakweli, mhadhiri kijana mwenye akili timamu na watoto wa kulisha atafanya nini? Ataandika makala. Hatumlaumu. Tunawalaumu wenye fomu. Kamati za kupandisha vyeo zinaweza kubadili jambo hilo katika kikao kimoja, kwa kuagiza kwamba somo lililopangwa, likakaguliwa na wenzake na kutumika, lihesabiwe kama chapisho.

Watumishi wa Njombe wana haki ya pekee ya kulisema hili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilitoa taarifa yake, na mwenyekiti wake alikuwa Ndugu Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe kwa miaka mingi hata alipostaafu siasa. Katika mambo yaliyotokana na taarifa ile ni kuundwa kwa Tume ya Utumishi ya Waalimu na Kitivo cha Elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu wa shule akapata chombo cha kumsimamia na mahali pa juu pa kusomea kazi yake. Mhadhiri wa uhandisi, wa kilimo au wa sheria hakupita katika kitivo hicho, wala hapakuwa na mtu aliyemtaka apite.

Kwa upande wa Halmashauri na wakuu wa shule, yako mambo madogo yasiyosubiri Dar es Salaam. Shule yenye kompyuta na umeme inaweza kuacha chumba wazi saa mbili jioni, mara mbili kwa juma, kwa waalimu wanaojiendeleza. Maktaba na vituo vya waalimu vinaweza kuweka nakala za nyenzo za TESSA na za Taasisi ya Elimu Tanzania katika diski moja, ili mwalimu wa Kifanya anakili kwa dakika tano kile ambacho kingemmalizia kifurushi cha mwezi. Na waalimu wenyewe, ambao ndio wanafunzi wa wahadhiri hawa, wasione haya. Wao ndio wataalamu wa andalio la somo. Chuo kikiwapelekea fomu ya kutathmini mhadhiri mwishoni mwa muhula, wasiandike "vizuri" na kuondoka. Waandike kama mkaguzi alivyokuwa akiwaandikia wao walipokuwa mazoezini: ukurasa gani haukusomeka, swali lipi halikuwa na jibu, mada ipi ilirukwa. Fomu hizo ziwafikie wahadhiri wenyewe kabla muhula unaofuata haujaanza.